Pikapu mbili mbele yako: namna ya kujua ipi itakulipa

Hapa Mafinga haipiti wiki bila mtu kuniuliza, "Kaka, nichukue Hilux au hizi nyingine?" Namjibu kwa maswali, na wengi hukereka. Hilux ipi? Injini gani? Imetoka nchi gani? Fundi wako ni nani? Nembo iliyobandikwa mbele haivuti mzigo.

Nimemiliki pikapu nne tangu nianze biashara ya miche na mbao. Moja ilinijengea nyumba ya bati la msauzi, mbili zilirudisha fedha zangu na kidogo cha juu, na moja ilinirudisha kwenye mabasi. Hiyo ya mwisho ndiyo niliyoinunua kwa bei ya chini kuliko zote.

Ninachoeleza hapa ni jinsi ya kulinganisha pikapu mbili au tatu zilizotumika ambazo umeshaziona kwa macho. Unahitaji daftari, kalamu na uvumilivu wa kutotoa fedha wiki hiyohiyo.

Hatua ya 1: Andika kazi kabla hujaandika bei

Ukurasa wa kwanza wa daftari ni wako, si wa gari. Andika mzigo wako mzito kuliko yote, barabara yako mbaya kuliko zote, kilometa unazokwenda kwa mwaka, na idadi ya watu unaowabeba siku za kawaida.

Pikapu za daraja la Hilux, D-Max, L200, Navara na Ranger kwa kawaida huitwa za tani moja. Tani hiyo si ya viazi peke yake. Ndani yake yumo dereva, wamo abiria, na zimo zile bomba za chuma ulizochomelea kwenye bodi ili ionekane ya kazi. Watu watano wa kilo 70 tayari ni kilo 350. Zinabaki 650, yaani magunia sita ya kilo 100 na mfuko mmoja wa saruji. Na hapo nazungumzia gunia halali, si lumbesa. Anayepakia magunia 15 kwenye dabo kebini kisha akasema "gari hizi za siku hizi ni karatasi" analisingizia gari.

Dabo kebini ina bodi fupi, na sehemu kubwa ya mzigo huishia kuning'inia nyuma ya ekseli. Chesisi hupinda, mara nyingi pale nyuma tu ya kebini. Singo kebini ina bodi ndefu na mzigo unakaa vizuri zaidi katikati ya magurudumu. Kama familia ina gari jingine, singo itakupa kazi zaidi kwa fedha pungufu. Vilevile foo wili: kama barabara yako mbaya kuliko zote ni vumbi la kiangazi, usiilipie. Mimi naihitaji, kwa sababu udongo wa Mufindi mwezi wa tatu unateleza kama sabuni.

Hatua ya 2: Linganisha injini, achana na nembo

Omba picha ya kibati cha gari (kile cha kiwandani, si cha namba ya usajili) na uandike herufi na namba za injini. Hilux ni jina la ukoo ulioanza mwaka 1968, na ndani ya ukoo mmoja wamo wazee watulivu na vijana wenye mambo mengi. Kusema "Hilux ni ngumu" ni kama kusema watu wa ukoo fulani hawaugui.

Mimi nazigawa injini za dizeli makundi mawili.

Kundi la kwanza ni zisizo na kompyuta: 3L na 5L za kawaida za Toyota, TD27 na QD32 za Nissan, na ile 1HZ ya silinda sita inayokaa kwenye Land Cruiser za mkonga. Hazina tabo (kile kifaa cha kuisukumia injini hewa), pampu ya dizeli ni ya kimakanika, na fundi wa Makambako anaweza kuirudisha barabarani kwa spana na uzoefu wake. TD27 na QD32 hata mkanda wa tamingi, ule unaozifanya vali ziende sawa na pistoni, hazina. Zinazungushwa kwa gia. 3L na 5L zina mkanda, na huo hubadilishwa kila kilometa 100,000. Nguvu ni kidogo. Ukipanda Kitonga na mzigo utakaa nyuma ya malori, na utaridhika hukohuko. Tatizo lao kubwa ni umri. 3L iliyofumuliwa mara tatu kwa pistoni za aina tatu siyo tena ile 3L ya sifa.

Kundi la pili ni za komoni reli: dizeli inasukumwa kwa mgandamizo mkubwa sana na kompyuta ndiyo inayoamuru injekta, zile zinazopuliza dizeli ndani ya silinda. Zina nguvu, zinakula kidogo, lakini hazisamehe dizeli ya kwenye madumu wala maji kwenye filta. Hapa kila moja ina ugonjwa wake unaojulikana, na kuujua ndiko kunakokupa nguvu ya kupatana bei.

Hilux Vigo ina 2KD ya lita 2.5 au 1KD ya lita 3.0. Zote zina mkanda wa tamingi, unaobadilishwa kati ya kilometa 100,000 na 150,000 kulingana na kitabu cha gari husika. 1KD za miaka ya mwanzo zina kisa cha kukumbukwa: washa za shaba (vile vipete vyembamba) zilizo chini ya injekta zikianza kuvuja, gesi ya moto hupenya kwenye oili, masizi yanaganda, kisha yanaziba chujio lililo chini kwenye sampu, yaani bakuli la oili. Injini inakufa kwa kiu huku dipstiki ikionyesha kwamba oili ipo. Muulize muuzaji washa hizo zilibadilishwa lini. Akikuangalia kama umeuliza jina la babu yake, weka gharama hiyo kwenye daftari.

Hilux Revo, iliyoanza 2015, ina 2GD ya lita 2.4 na 1GD ya lita 2.8, na zote zinatumia cheni. Zile zilizotengenezwa kwa masoko yenye sheria kali za moshi, kama Uingereza na Australia, huja na chujio la masizi kwenye ekzosi. Chujio hilo hujisafisha gari likienda safari ndefu na ekzosi ikapata moto. Kwa mtu wa safari fupifupi za dukani na nyumbani, litaziba.

D-Max yenye 4JJ1 ya lita 3.0 ndiyo ninayoipenda kwa mzigo, na sifichi upendeleo wangu. Ni injini kubwa kwa gari la ukubwa ule, ina cheni, haipandishwi mori kupita kiasi. Kwa Kenya kuna faida ya ziada: D-Max huunganishwa Nairobi, kwenye kiwanda cha Isuzu East Africa kilichokuwa kikiitwa General Motors East Africa mpaka 2017, kwa hiyo zimejaa mitaani na spea nazo zimejaa.

L200 yenye 4D56 ina mikanda miwili, mkubwa wa tamingi na mdogo wa shafti za kupunguza mtetemo. Huo mdogo ndio msaliti. Ukikatika, vipande vyake huingia kwenye mkubwa na kuuvuta, halafu vali zinagonga pistoni. Fundi akikuambia amebadilisha "mkanda", muulize mingapi. 4N15 ya lita 2.4 iliyokuja baadaye inatumia cheni.

Navara D40 yenye YD25 ina cheni inayochakaa. Inajitangaza kwa mlio wa kukwaruza mbele ya injini asubuhi, sekunde chache baada ya kuwasha. Ranger ya kuanzia 2011, yenye injini ya 2.2 au ile ya silinda tano ya 3.2, ina sharti la ajabu kwenye kumwaga oili: isiachwe tupu zaidi ya dakika kumi hivi, kwa sababu pampu ya oili inaweza kupoteza mvuto na ikashindwa kuinyonya tena. Kwa hiyo fundi anayefungua nati ya sampu kisha akaenda kula ugali hafai kuligusa gari hilo.

Tena, kuna mapacha. Mazda BT-50 ya 2011 mpaka 2020 ni ndugu wa tumbo moja na Ranger, na BT-50 iliyoanza 2020 ni ndugu wa D-Max. Mapacha wasio na jina kubwa mara nyingi huuzwa kwa bei ya chini huku spea nyingi za injini zikiwa zilezile. Ukilipata lililotunzwa, hapo ndipo penye fedha. Ila kumbuka kwamba nawe utaliuza kwa bei ya chini.

Kwa kila gari andika mistari mitatu: mkanda au cheni yake ina umri gani, ugonjwa wake ni upi, na kuutibu leo ni shilingi ngapi. Jumlisha na bei anayotaka muuzaji. Mara nyingi gari la milioni 34 linageuka la milioni 39 kabla hujaliwasha.

Hatua ya 3: Fuatilia lilikotoka

"Limetoka Japan, bosi." Sentensi hii imeuza magari mengi kuliko matangazo ya redio. Toyota iliacha kuiuza Hilux ndani ya Japan mwaka 2004 na haikuirudisha mpaka Septemba 2017. Kwa hiyo Vigo ya 2010 haikuendeshwa na mwalimu mstaafu wa Yokohama. Huenda kampuni iliyoituma ina ofisi Japan, lakini gari lenyewe lilifanya kazi Thailand, Afrika Kusini, Uingereza au kwingineko. D-Max nayo haiuzwi Japan.

Namba ya chesisi itakusaidia. Hilux inayoanza na MR0 imetengenezwa Thailand; AHT ni Afrika Kusini. Navara inayoanza na VSK ni ya Hispania, na huenda imeishi Ulaya. Siyo kwamba nchi moja ni nzuri na nyingine mbaya. Kila nchi ina namna yake ya kulichosha gari.

Gari la Uingereza limepita kwenye chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa baridi. Rangi inang'aa, chini kumeoza. Huko kulikuwa na malalamiko mengi ya chesisi za Navara kuoza mpaka kukatika katikati, na Nissan ikalazimika kuyanunua tena baadhi ya magari hayo kwa wenyewe. Lala chini na bisibisi bapa, gonga na chokoa chesisi kuanzia nyuma ya kebini mpaka kwenye hanga za springi. Chuma kizima kinalia "ting". Kilichooza kinanyamaza, au bisibisi inazama. Rangi nyeusi nzito iliyopakwa jana chini ya gari haikupakwa kwa ajili ya urembo.

Lakini gari la Uingereza lina zawadi moja ambayo wanunuzi wengi huku hawaijui. Kule, gari likishafika miaka mitatu hukaguliwa kila mwaka, na historia ya ukaguzi huo, pamoja na kilometa za kila mwaka na kasoro zilizoonekana, iko wazi bure kwenye tovuti ya serikali yao. Unachohitaji ni namba ya usajili ya gari lilipokuwa huko. Ipo kwenye karatasi za kusafirishia, na wakati mwingine imechorwa pembeni mwa kioo. Nilimfanyia jirani yangu zoezi hili kwenye simu, tumeegemea gari lenyewe. Dashibodi ilisema 88,000. Ukaguzi wa mwisho ulisema 141,000, nayo ni maili. Maili moja ni kilometa 1.609, kwa hiyo gari lilikuwa limeshapita kilometa 226,000. Muuzaji hakubishana. Alishuka bei milioni nne papo hapo, na jirani akaondoka hata hivyo.

Kama unaagiza mwenyewe, sheria za umri hazifanani. Kenya hairuhusu lililotumika lenye zaidi ya miaka minane. Tanzania linaingia, ila ushuru unapanda kadiri gari linavyozeeka, na viwango hubadilika na bajeti, kwa hiyo ingiza gari lako kwenye kikokotoo cha magari yaliyotumika cha TRA kabla hujatuma fedha.

Hatua ya 4: Piga simu za spea

Hii inachukua nusu saa. Chagua vitu vitano: seti ya klachi, injekta moja, tabo, rejeta na taa ya mbele. Pigia maduka matatu, moja la mjini kwako na mawili ya Kariakoo, au Kirinyaga Road kama uko Nairobi. Uliza bei ya og (spea halisi), bei ya mchina, na siku za kusubiri.

Siku za kusubiri ziandike kwa wino mwekundu. Kisha nenda kwa fundi wako umuulize lini mara ya mwisho alifungua injini hiyo. "Zote zinafanana tu" ni jibu la mtu ambaye hajawahi kuifungua.

Hatua ya 5: Geuza kila kitu kiwe shilingi kwa kilometa

Bei ya kununua ni namba inayodanganya kwa sababu iko peke yake. Linganisha hivi: toa bei utakayouzia kwenye bei uliyonunulia, ongeza mafuta, tairi, huduma za kawaida, matengenezo, bima, na siku ambazo gari litalala gereji. Gawanya kwa kilometa utakazokwenda.

Tuchukue mfano wa miaka minne, kilometa 30,000 kwa mwaka, jumla 120,000. Namba ni za kufundishia, weka zako. Dizeli tuiweke shilingi 2,800 kwa lita. Wewe tumia bei ya mwezi huo ya EWURA, mamlaka inayopanga bei za mafuta Tanzania.

Gari A ni Hilux ya milioni 48, unatarajia kuiuza milioni 36. Inakwenda kilometa 10 kwa lita.
– Kushuka thamani: 12,000,000
– Dizeli, lita 12,000: 33,600,000
– Tairi seti mbili: 3,200,000
– Huduma kila kilometa 5,000: 6,000,000
– Matengenezo: 6,000,000
– Bima: 6,000,000
– Siku 25 bila kazi, kila siku 80,000: 2,000,000
Jumla 68,800,000, yaani shilingi 573 kwa kilometa.

Gari B ni dabo kebini ya milioni 34, utaiuza milioni 17. Inakwenda kilometa 12 kwa lita.
– Kushuka thamani: 17,000,000
– Dizeli, lita 10,000: 28,000,000
– Tairi: 3,200,000
– Huduma: 6,000,000
– Matengenezo: 11,000,000
– Bima: 4,000,000
– Siku 70 bila kazi: 5,600,000
Jumla 74,800,000, yaani shilingi 623 kwa kilometa.

Ghali imeibuka rahisi kwa milioni sita. Wapenzi wa Hilux wanaishia hapa na kushangilia. Subiri. Ile tofauti ya milioni 14 uliyoongeza kununua A umeitoa wapi? Kama umekopa kwa riba ya asilimia 18 kwa mwaka kwenye salio linalopungua, kwa miezi 48 utalipa riba ya takriban milioni 5.7. Faida yote imekwenda benki, na A na B sasa zinakaribia kulingana. Kwa mwenye fedha zake mkononi A inashinda. Kwa anayekopa, B iliyotunzwa vizuri haina aibu yoyote.

Mstari wa kuuogopa kuliko yote ni ule wa mwisho, wa siku bila kazi. Watu hawauandiki. Ile pikapu yangu ya bei nafuu ililala gereji siku 23 kwa injekta mbili tu, msimu wa kupanda miti, miche ikiwa kwenye viriba na wateja wakipiga simu. Injekta nilizilipia mara moja. Wateja wawili kati ya wale hawakurudi tena.

Kuhusu bei ya kuuzia, usikisie. Tafuta matangazo ya aina hiyohiyo iliyo na umri wa miaka minne zaidi, kisha punguza kidogo, kwa kuwa bei ya tangazo si bei ya mkononi.

Hatua ya 6: Likague likiwa baridi

Gari moja niliambiwa nije kuliona saa mbili asubuhi, nami nikaja saa mbili asubuhi. Niliweka kiganja kwenye boneti, nikakuta uvuguvugu. Nikadhani wameniwashia kwa heshima ya mgeni. Gari likawaka kwa mguso mmoja, likaunguruma vizuri, nikalipa. Wiki ya pili, nikitoka Dar na mzigo, katikati ya Kitonga mshale wa joto ukaanza kupanda taratibu, halafu si taratibu tena. Silinda hedi ilikuwa na ufa, na ufa wa namna ile injini ikiwa imeshapata moto na haina mzigo haukuambii kitu.

Siku hizi nikiambiwa saa mbili nafika saa kumi na mbili na nusu. Boneti ikiwa na moto nasema nitarudi kesho.

Likiwa baridi, fungua kifuniko cha rejeta. Maji yawe na rangi yake, bila mafuta yanayoelea. Chomoa dipstiki, oili yenye sura ya chai ya maziwa ina maji ndani. Washa huku mtu wako, siyo dalali, amesimama nyuma akiangalia ekzosi. Moshi wa bluu ni oili inayoungua. Mweusi ni dizeli nyingi au hewa kidogo. Mweupe usiokata hata injini ikipata moto ni maji, au injekta iliyochoka. Sikiliza mbele ya injini sekunde tano za kwanza. Hapo cheni iliyochakaa ndiyo huongea.

Baada ya dakika moja shika mpira wa juu wa rejeta. Ukiwa umeshakaza kama tairi ya baiskeli wakati maji bado ya baridi, mgandamizo unaingia kutoka kwenye silinda. Kisha fungua kifuniko cha kujazia oili ukiweke juu ya tundu kichwa chini, bila kukifunga. Kikitikisika kidogo si neno. Kikirushwa, ringi zimekwisha.

Sasa rudi nyuma, ulitazame gari kwa ubavu. Uwazi kati ya kebini na bodi ukiwa mpana juu kuliko chini, chesisi imeinama. Hesabu mabamba ya springi za nyuma. Bamba lililoongezwa linakwambia maisha ya nyuma yalikuwa ya mzigo gani.

Kulijaribu barabarani kufanyike na mzigo na kwenye mlima. Mimi huomba kupakia mifuko kumi ya saruji, nusu tani, na mafuta natia mimi. Muuzaji anayekataa nusu tani kwenye gari la tani moja amenijibu. Panda mlima gia ya tatu, angalia mshale wa joto. Jaribu klachi: simama, vuta breki ya mkono, ingiza gia ya tatu, achia taratibu, injini ikiendelea kuunguruma bila kuzimika, klachi inateleza. Foo wili ijaribu kwenye udongo, usiijaribu kwenye lami kavu, kwa kuwa giaboksi hukaza na unaweza kuivunja.

Kwa injini za komoni reli mlipe fundi mwenye mashine ya kusomea aje nawe. Asiangalie makosa yaliyopo tu. Katika magari mengi mashine inaonyesha pia kilometa zilizotembewa tangu makosa yafutwe. Ukikuta kilometa nne, mtu alifuta jana.

Hatua ya 7: Karatasi, kisha fedha

Namba ya chesisi kwenye chuma, kwenye kadi ya gari na kwenye kibati zifanane, na namba ya injini vilevile. Injini iliyobadilishwa si dhambi, ila iwe imeandikishwa. Hakikisha anayeuza ndiye mwenye jina kwenye kadi, au ana barua ya mwanasheria. Angalia faini za barabarani kwenye mfumo wa polisi. Kwa Kenya, pata taarifa za umiliki kupitia NTSA, mamlaka ya usafiri ya huko. Lipa benki, siyo kwenye kiti cha gari.

Ukishakabidhiwa ufunguo usiende kulionyesha nyumbani kwanza. Lipeleke gereji: oili, filta ya oili, filta ya dizeli, filta ya hewa, na mkanda wa tamingi kama huna risiti yake, hata kama muuzaji ameapa kwa Mungu. Chukua kalamu ya maka, fungua boneti, na kwenye chuma cha mbele andika tarehe na kilometa za siku hiyo. Mimi huandika na jina la fundi.